Mwalimu wa Kilatini Arudishe Jina

Ninauza mandazi na uji wa mutama kwenye kona moja ya Goma, chini ya mabati yaliyotoboka, karibu na ukuta wa shule ambako mujukuu wangu anasoma Latin-Filo. Kwa mutu asiyejua, Latin-Filo ni ile sehemu ya sekondari wanapofundisha Kilatini na filozofia: lugha ya watu waliokufa na mawazo ya watu wasiolima. Ninacheka hivi, lakini nilikuwa na majivuno mpaka kitambaa cha kichwa kilikuwa kinanibana. Katika ukoo wetu wote, tangu milima ya Masisi mpaka hapa, hakuna aliyewahi kuingia humo. Watoto wa majirani walikuwa wanajifunza kushona. Wangu alikuwa anajifunza maneno ya Baba Mutakatifu.

Mwalimu wake wa Kilatini alikuwa kijana mwenye shati la pasi na viatu vinavyong'aa, na kung'arisha viatu katika muji huu wa mawe meusi ya volkano si kazi ndogo. Kila siku ya posho, ile Jumamosi, masomo yakiisha, alikuja kwangu na wanafunzi wake. Wanakaa kwenye benchi, wengine kwenye mawe, wanakula, wanazungumza habari za filamu. Si filamu za karate. Za wa-Roma. Ukumbi wa video uko mutaa wa pili, na mule kuna kijana mwenye maikrofoni anayetafsiri kila filamu kwa Kiswahili na Lingala, na akikosa kuelewa anajitungia yake. Basi wanafunzi wanatoka mule na kichwa kimejaa, wanamuletea Prof awaambie nini ni kweli na nini ni bongo.

Nilipenda kuwasikiliza. Siwezi kukataa.

"Prof, wale wa-Roma kweli walikuwa wanasema Kifaransa?"

"Wee, Kifaransa kilikuwa hakijazaliwa. Na vile vyuma vya kuwekea miguu kwenye farasi, havikuwepo pia. Wanaofanya filamu wanawapa wa-Roma vitu vya babu za wazungu wa juzi."

"Na ile ya kugeuza kidole chini ili mutu auawe?"

"Hakuna anayejua vizuri kidole kiligeuzwa wapi."

"Ah, Prof! Sasa tumelipa ya nini?"

Wanacheka. Siku moja na mimi niliuliza, kijiko cha mafuta mukononi: "Mwalimu, zile nguo nyeupe wanazoburuta chini, nani alikuwa anawafulia?"

"Watumwa, mama."

"Na kwenye filamu wako wapi?"

"Hawaonyeshwi sana, mama."

"Nilijua," nikasema, na wanafunzi wakapiga makofi, na yeye akacheka vizuri. Nilimuongezea andazi. Nilidhani anakuja kwa sababu ya mandazi yangu. Kumbe alikuwa anamutazama kitinda mimba wangu anayeuza unité, vocha za simu, ngambo ya barabara. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Siku yenyewe walikuwa wanazungumza filamu ya muji wa wa-Roma uliojengwa chini ya mulima wa moto. Munaelewa kwa nini ukumbi ulijaa. Hapa kwetu mutu hahitaji kuelezwa mulima wa moto, ukitoka nje kwenda kukojoa unauona umewasha taa yake. Wanafunzi walikuwa wanagombana: moshi ulikuwa hivi, moto ulikuwa vile, yule kijana na yule binti walibusiana na majivu yanashuka, kwa nini hawakukimbia.

Mujukuu wangu ni mutu wa kunyamaza. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na mimi. Akasema: "Prof, mimi kitu kimoja kilinishangaza. Muji wote unakimbia na hakuna hata mutu mumoja amebeba godoro."

Ni hayo tu. Na alisema kwa sababu yeye alilibeba. Mulima ulipopasuka mara ya mwisho alikuwa mutoto, moto ulishuka ukakula nyumba yetu kule Munigi, na yeye alitembea na mimi njia ya Sake na godoro la sponji kichwani mpaka kambi ya Mugunga, bila kulia. Njia nzima ilikuwa magodoro yanatembea. Mbuzi, sufuria, redio, magodoro.

Mwalimu akacheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mademoiselle," akasema, "unatazama historia kubwa ya dunia na macho ya kambi. Wa-Roma walikuwa wanabeba sanamu za miungu yao, hawakuwa wanabeba sponji. Mimi ninasema kila siku, Kilatini si cha watoto wa kambi." Kisha akanyosha mukono kama anabatiza. "Tangu leo tutakuita Mademoiselle Godoro."

Benchi lote likaanguka kwa kicheko. Godoro! Godoro! Mumoja alijilaza juu ya mawe, akasema, "Prof, ngoja nijaribu kama ni laini."

Mbele ya mama anayekaanga watu wanafikiri mafuta yanaziba masikio. Mwalimu alijua vizuri kwamba huyu ni mujukuu wangu, mimi ndiye koko yake. Hakukumbuka tu kwamba niko pale. Mujukuu wangu aliinuka, akaokota vikombe vyao kimoja kimoja, akaenda kuviosha. Ningalikuwa na ujinga wa ujana, yale mafuta yangalibadilisha njia. Niligeuza mandazi. Yaliungua upande mumoja na niliwauzia hivyo hivyo.

Jina lilimushika. Katika wiki ile lilipanda ukuta wa shule, likaingia darasa zingine, likafika kwa wamotari, wale wa pikipiki za kubeba watu. Binti anapita na cahier zake za kuandikia, motari anaita: "Godoro, panda tukupeleke kitandani!" Sasa munaona jina lilivyokuwa limegeuka, maana kwa binti wa miaka ile godoro si sponji tu. Saa ya Kilatini akaanza kukaa nyuma, kisha hakuingia kabisa, anajificha nyuma ya vyoo mpaka kengele. Jioni moja akaniambia, bila kunitazama:

"Koko, mwaka huu ukiisha nitaenda kushona. Nimeuliza, wananipokea."

"Unapenda kushona?"

"Hapana."

"Basi?"

"Koko, hata nikijibu vizuri wanacheka mbele ya kusikia."

Nilimuambia nitaenda kumuona mwalimu. Akanishika kitambaa na mikono yote miwili. "Ukienda, koko, itakuwa Godoro na mama yake mandazi. Usiende. Ninakuomba."

Sikuenda. Lakini tangu siku ile nililala na yule mutu tumboni kama nyama mbichi. Niliendelea kumuuzia, kumusalimia, kumuuliza habari za mama yake. Kwetu tunasema: aliyekunya njiani anasahau, aliyekanyaga ndiye anakumbuka. Yeye alisahau kabisa. Alikuwa anakula na furaha. Kila nilipomupa kikombe nilikuwa ninamutazama koo linavyopanda na kushuka, ninasema moyoni: kula, mwanangu, nenepa.

Kisha kitinda mimba wangu akakuja kupiga magoti mbele yangu, anatabasamu na uso wa mutu aliyeiba sukari.

"Mama, kuna mutu anataka kuleta wazee."

"Nani?"

"Ule Prof wa Kilatini."

Nilikaa. Niliomba maji. Yeye alidhani ni furaha.

"Unajua alichomufanyia mutoto wa dada yako?"

"Mama, yeye anacheka na kila mutu. Ni muzuri sana akiwa peke yake. Hata hakumbuki."

"Hilo ninalijua, kwamba hakumbuki."

Akaanza kulia, akasema nikikataa hataolewa na mwingine, atazeeka kwenye kiti cha unité. Namufahamu binti yangu. Angalizeeka kweli, kwa ubishi. Na mimi siwezi kuuza furaha ya mutoto mumoja kununua machozi ya mutu. Nikasema: "Walete wazee." Usiku wote nilikuwa ninacheka ndani ya mufarishi.

Sasa lazima nieleze namna sisi tunavyoomba muke, maana bila hiyo hamutaelewa utamu wake. Watu wa mwanaume wanakuja na pombe yao, wanakaa upande huu wa hema. Sisi upande ule. Kila upande una musemaji wake, muzee mwenye ulimi. Wetu hawezi kukubali haraka. Anakataa pombe, anasema ukoo wenu ulitukosea zamani: babu yenu aliazima ng'ombe wetu akamurudisha anachechemea, mbuzi zenu zilimaliza maharagwe yetu. Ni bongo, kila mutu anajua ni bongo, ni muchezo. Na musemaji wao, kama anajua kazi, hakani hata kidogo. Anakubali yote na anaongeza: kweli, tulimuvunja muguu, na hata mukia tulikata! Watu wanapiga makofi. Wanatoa kitu cha kuomba pole, tunakunywa, tunaendelea. Bwana arusi siku hiyo hana mudomo. Anakaa kama mufuko wa muhogo. Na sisi wanawake hatusemi mule, lakini musemaji anakula kwa nani asubuhi?

Musemaji wetu alikuwa kaka mukubwa wa marehemu mume wangu, muzee wa Rutshuru. Nilimupikia ndizi na nyama ya mbuzi, nikamuwekea kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, baridi kutoka kwenye mutungi. Alipomaliza mufupa wa kwanza akauliza:

"Mama, mwaka huu tuseme walitukosea nini? Ng'ombe nimechoka naye."

"Muzee, leo usitunge. Niko na la kweli."

Nilimueleza. Alitafuna polepole mpaka akaacha kutafuna. Aliita mujukuu wangu kutoka jikoni, akamutazama tu, akamurudisha. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Unataka ndoa ife?"

"Hapana. Ninataka aliyesema asikie."

"Basi uniongezee mufupa," akasema.

Hema lilijaa. Wakwe walikuja na nguo zao nzuri kutoka upande wa Masisi, mama yake bwana arusi mbele, mwanamuke mukavu, mwenye heshima, ameshika mukoba kwenye magoti. Na wanafunzi wa Latin-Filo walikuja, wote, na nguo za shule, kumuimbia mwalimu wao wimbo wa Kilatini. Niliwahesabu kwa macho: yule aliyejilaza juu ya mawe alikuwepo. Nilikaa nyuma ya pazia la jikoni, mahali pa kuona vizuri.

Walisalimiana, walisifu mvua. Pombe ikaletwa. Muzee wetu akaisukuma kwa fimbo.

"Hatukunywi. Ukoo wenu una mali yetu."

"Tuambie mali gani," musemaji wao akasema, anajisugua mikono, muzee mufupi mwenye kofia. "Ng'ombe?"

"Si ng'ombe. Ni jina. Katika nyumba hii kuna binti, wazazi wake walimupa jina zuri, padri akalimwagia maji. Kijana wenu akakuja hapa, akala mandazi yetu, akashiba, akamuvua binti jina lake mbele ya watu, akamuvika jina la Godoro."

Hema likapasuka kwa kicheko. Watu walipiga magoti kwa mikono. Hawajawahi kusikia bongo tamu hivi! Mimi sikuangalia hema. Niliangalia mutu mumoja. Damu ilimutoka usoni ikaenda sijui wapi. Akafungua mudomo, akakumbuka kwamba leo hana mudomo, akaufunga.

Na musemaji wao, maskini, akafanya kazi yake. Akaruka juu na kofia mukononi:

"Tunakubali! Huyu kijana wetu ni mwizi wa majina! Akiona jina zuri mikono inamuwasha! Na babu yake alikuwa hivyo hivyo!"

"Munakubali mbele ya watu?"

"Mbele ya watu na mbele ya Mungu! Alilivua, alilikanyaga, na kama kulikuwa na matope karibu alilitia matope!"

Makofi. Vigelegele. Wanafunzi peke yao hawakuwa wanacheka tena. Walikuwa wanatazama viatu.

"Basi leteni pombe ya pole," musemaji wao akasema, anapangusa jasho la furaha.

"Jina halinywewi," muzee wetu akajibu. "Jina linarudishwa na mukono ule ule uliolitwaa. Mumekubali kosa, sasa asimame yeye, aseme maneno yale yale aliyoyasema, tuyasikie, kisha ayarudishe."

"Muzee, bwana arusi hasemi..."

"Siku ile alisema vizuri sana."

Hapo kicheko kilianza kufa, kutoka mbele kwenda nyuma, kama taa zinazozimwa nyumba kwa nyumba. Musemaji wao alimugeukia kijana wake, akaona ule uso, na akaelewa alichokubali. Hakukuwa na njia ya kurudi. Ameapa mbele ya Mungu na kofia mukononi.

Akasimama. Shati la pasi lilikuwa limeshikana na mugongo.

"Nilimuita Godoro," akasema.

"Hatusikii huku nyuma!" Huyo nilikuwa mimi, kutoka jikoni. Ndiyo, mwanamuke hasemi. Nilisema.

"Nilimuita Mademoiselle Godoro."

"Na kingine?" muzee akauliza. "Kulikuwa na kingine."

"Nilisema... Kilatini si cha watoto wa kambi."

Muzee akazunguka hema kwa macho, polepole. "Ninyi wote muliokuja hapa, wa kwetu na wa kwenu. Ambaye hajawahi kulala chini ya shitingi ya kambi, ainue mukono."

Hakuna mukono ulioinuka. Unafikiri ungalitoka wapi? Ni nani katika nchi hii hajajua namna mvua inavyopiga lile turubai la plastiki juu ya uso wake? Na mimi nilikuwa nimepanga mpaka hapo tu. Nilikuwa nimeshiba. Lakini Mungu aliniongezea matabishi, maana mama yake mwenyewe aliweka mukoba chini, akasema, si kwa sauti kubwa:

"Wewe. Herufi zako za kwanza ulisomea wapi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza kitu."

"Mugunga, mama."

"Na nani alikuwa anashika shitingi upepo ukikuja, ili cahier yako isiloane?"

"Wewe, mama."

"Endelea basi. Rudisha kitu cha watu."

Nimeishi, nimezika, nimeozesha. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile kimya. Ningaliweza ningalikifunga kwenye jani nikakipeleka nyumbani.

Muzee aliita mujukuu wangu. Alitoka na sinia ya sahani mukononi, akaiweka chini, akasimama mbele ya mwalimu wake. Mwalimu akatamka jina lake la kweli, lote, la nyumbani na la ubatizo, akasema, "Ninakuomba pole." Muzee akamuuliza binti: "Limerudi? Tukunywe?"

Nilijua atasema ndiyo. Ni mutoto mwenye haya, hema zima linamungojea, na mama yake mudogo ndani amefunikwa kitambaa, anangojea kutolewa. Mujukuu wangu akasema:

"Bado, muzee. Hapa ni watu wa arusi, kesho watasahau. Jina langu halikupotea hapa. Siku ya kwanza ya juma, saa ya Kilatini, aseme tena mbele ya darasa. Na aseme kwa wamotari pia, pale kwenye kona. Ndiyo litarudi."

Wamotari! Mimi sikuwaza wamotari. Damu yangu ile, damu yangu kabisa.

Muzee alimutazama bwana arusi. Bwana arusi alisema, "Nitafanya." Ndipo tulikunywa, na binti yangu akatolewa, amevaa vizuri, macho mekundu, na aliponipita akaninong'onezea: "Mama, sitasahau hii." Nikamujibu: "Vizuri. Usisahau."

Siku ya kwanza mujukuu wangu alivaa nguo za shule mbele ya jua kutoka. Alinikataza kwenda. Nilibaki kwenye mafuta yangu. Mwalimu alikuja kwanza kwenye kona, na viatu vyake. Wamotari walikuwa wanangojea wateja. Akasimama katikati yao, akasema: yule binti ana jina, jina ni hili, lile lingine nililitunga mimi na nilikuwa mujinga. Motari mumoja akauliza: "Prof, umekunywa?" Akarudia tena, na sauti kubwa zaidi. Darasani alifanya vilevile. Niliambiwa na wale wale waliocheka, walikuja kununua mandazi na hawakunitazama machoni. Yule wa mawe alitaka nimuongezee moja. Nilimuongezea lililoungua.

Sasa ni mukwe wangu. Ni mukwe mwema, nitakuwa mwongo nikisema sivyo, binti yangu ananenepa. Lakini kwetu mukwe hali mbele ya mama mukwe. Hawezi kukaa kwenye benchi langu akatafuna mbele yangu, ni aibu ya ukoo wote. Basi siku ya posho wanafunzi wake wanakuja bila yeye, wanazungumza filamu zao, na mujukuu wangu anakaa katikati na anabishana mpaka uji unapoa. Wiki iliyopita walikuwa kwenye filamu ya mufalme aliyewekewa sumu ndani ya uyoga na muke wake. Wengine wanasema haikuwa hivyo. Yeye anasema ilikuwa hivyo, ameisoma kwa Kilatini, si kwa kijana wa maikrofoni.

Padri amenihubiria habari ya kusamehe. Nilimuambia padri: mukwe nimemupokea, mwalimu bado ninamufikiria.

Kila siku ya posho, wanafunzi wakiwa kwenye benchi, mukwe anapita ngambo, anarudi nyumbani na njaa ya kufundisha asubuhi yote. Anasimama, anainama, anashika mikono pamoja, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Mama, jambo."

"Jambo, mwanangu. Umeshinda vizuri?"

Na ninageuza mandazi polepole, upande wa upepo wa ziwa, harufu yote imufuate mpaka kwake.